Kinywa kikavu ni adui wa mwanamichezo mlemavu

Mwanamichezo mlemavu anapojiandaa kwa mashindano, kocha hukagua misuli yake, daktari humpima moyo na fundi huangalia magurudumu ya kiti chake. Ni nadra sana mtu kumwambia, "Hebu fungua kinywa tuone." Matokeo yake ni kwamba mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka mitatu anaweza kukosa usingizi usiku wa kuamkia siku ya mbio kwa sababu ya gego moja lililotoboka. Asubuhi huingia uwanjani akiwa amechoka hata kabla ya kuanza.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kulijali jambo hili. Taifa letu lilishiriki Olimpiki ya Walemavu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1972 mjini Heidelberg, Ujerumani. Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka wa 1995, alishinda dhahabu ya mita 5,000 mjini Sydney mwaka wa 2000, kisha akaongeza dhahabu mbili Athens mwaka wa 2004. Samwel Mushai alishinda mita 1,500 za wasioona London mwaka wa 2012 na tena Rio mwaka wa 2016. Mwaka wa 2024 mjini Paris, Samson Ojuka alituletea fedha katika kuruka mbali. Nyuma ya majina hayo kuna vijana wengi wanaofanya mazoezi katika viwanja vya mitaa na vya shule, na pengine mmoja wao ni mwanao, jirani yako au wewe mwenyewe.

Leo, msomaji, tutazungumza kuhusu kitu ambacho hakionekani kwenye jukwaa la washindi, nacho ni mate.

Mate yana kazi gani?

Watu wengi huyadharau mate na kuyaona kama uchafu wa kutemwa. Ukweli ni kwamba mate ni dawa ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Hutoka katika jozi tatu za tezi kubwa: ya kwanza iko mbele ya masikio, ya pili chini ya taya na ya tatu chini ya ulimi. Isitoshe, kuna mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Kwa siku nzima mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate. Asilimia 99 ya mate hayo ni maji, lakini ile asilimia moja inayobaki ndiyo yenye maajabu.

Kwanza, mate huosha kinywa na kuondoa mabaki ya chakula. Pili, yana chumvi zinazopunguza makali ya asidi. Tatu, yana madini ya kalisi na fosfeti ambayo huziba nyufa ndogo sana kwenye gamba gumu la jino kabla hazijawa matundu. Nne, yana protini za kinga ambazo hupigana na viini vya kinywani na hata vile vya mafua vinavyopitia kooni. Tano, hulainisha chakula ili kimezeke na ulimi uweze kutamka maneno.

Hebu tuangalie jinsi jino linavyooza. Kipimo cha asidi huanzia 0 hadi 14, na maji safi huwa katikati kwenye 7. Unapokunywa chai yenye sukari, viini vinavyokaa kwenye utando wa meno huila sukari hiyo na kutoa asidi. Kwa muda wa dakika chache tu kipimo kinywani huporomoka. Kikishuka chini ya 5.5 hivi, gamba la jino huanza kuyeyuka. Mate ya kutosha hurudisha hali ya kawaida baada ya nusu saa hadi saa moja. Mate yakiwa haba, asidi hukaa muda mrefu zaidi, na ukinywa kikombe kingine kabla ya hali kutulia, jino halipati nafasi ya kupumzika.

Mazoezi hukausha kinywa

Tezi za mate huongozwa na aina mbili za neva. Aina ya kwanza hufanya kazi mwili ukiwa umetulia na kuna chakula, na hutoa mate mengi mepesi. Aina ya pili huamka mtu anapoogopa, anapokimbia au anapopigana. Hiyo hutoa mate machache mazito yanayonata. Ndiyo maana mtu anayehutubia kwa mara ya kwanza hukaukwa na kinywa, na ndiyo maana mkimbiaji anayemaliza mbio hutema mate kama gundi.

Juu ya hayo, mwanamichezo hupumua kwa mdomo na upepo hukausha ufizi. Hutoka jasho, na maji yakipungua mwilini mate nayo hupungua. Wakati huohuo ndipo anapolamba glukosi au kunywa vinywaji vya wanamichezo. Vingi kati ya vinywaji hivyo vina kipimo cha asidi cha kati ya 3 na 4, na soda huwa chini zaidi. Kwa hivyo jino linapigwa na sukari na asidi saa ileile ambayo mlinzi wake hayupo.

Haya si maneno ya kutishana. Katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012, madaktari waliwachunguza wanamichezo 302 waliofika katika kliniki ya meno ya kijiji cha michezo. Asilimia 55 walikuwa na meno yaliyooza, asilimia 45 meno yao yalikuwa yameliwa na asidi, na asilimia 76 walikuwa na ufizi uliovimba. Asilimia 18 walisema hali ya vinywa vyao ilikuwa imeathiri mazoezi au uchezaji wao. Hao walikuwa wanamichezo wa Olimpiki ya kawaida. Mwenye ulemavu hupambana na hayo yote, kisha akaongezewa mengine.

Si ulemavu wenyewe, ni mambo yanayouandama

Hapa ndipo penye kosa ambalo watu wengi hufanya. Hudhani kwamba meno mabovu ni sehemu ya ulemavu, na kwa hivyo hakuna la kufanya. Hebu tutazame kundi moja baada ya jingine.

Chukua mtu aliyevunjika uti wa mgongo. Neva zinazotoa mate mepesi hutoka moja kwa moja kwenye shina la ubongo na hazipitii mgongoni. Kwa hivyo ajali ya mgongo haikaushi chemchemi hiyo. Kinachoikausha mara nyingi ni dawa. Dawa ya kutuliza kibofu kama vile oksibutinini hufanya kazi kwa kuzuia neva zilezile zinazoamuru mate yatoke. Baklofeni, inayolegeza misuli iliyokakamaa, na amitriptilini, inayotumiwa kupunguza maumivu ya neva, nazo zaweza kukausha kinywa.

Kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi hadharani. Baadhi ya wanamichezo wa viti vya magurudumu hujinyima maji makusudi kwa sababu wanajua hawatapata choo. Choo kikiwa na ngazi, au mlango wake ukiwa mwembamba kuliko kiti, mtu huona heri avumilie kiu kutwa nzima. Hali huwa mbaya zaidi kwa aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo au shingo, kwa maana mwili wake hautoi jasho vizuri chini ya jeraha na hupata joto haraka. Kwa hivyo jino la mchezaji laweza kuanza kuoza kwenye mlango wa choo cha uwanja. Wasimamizi wa viwanja na waandalizi wa mashindano wanapaswa kulikumbuka hilo.

Pia kuna suala la kinga. Watafiti wa Uingereza wamepima protini za kinga katika mate ya wachezaji wa raga ya viti vya magurudumu na kuona kwamba mazoezi yanapozidi uzito, kinga hiyo huelekea kupungua. Kocha mwenye busara huwapa wachezaji wake siku za kupumzika.

Kundi la pili ni wenye mtindio wa ubongo. Wengi wao hutokwa na udenda, na watu huamini kwamba wana mate kupita kiasi. Kwa kawaida sivyo. Shida ni kwamba misuli ya midomo na koo haishirikiani vizuri katika kuyameza. Mate yanayomwagika kidevuni hayawezi kuosha magego, na ni maji yanayopotea mwilini. Wengine hupewa dawa ya kupunguza udenda. Yaweza kuwasaidia sana, lakini dozi ikizidi huwaacha na kinywa kikavu. Wapo pia wanaosaga meno usingizini mpaka yakawa mafupi, na wanaoanguka mara kwa mara na kuvunja meno ya mbele.

Kundi la tatu ni wenye kifafa. Dawa iitwayo fenitoini huweza kufanya ufizi ukue na kufunika meno, hasa pale ambapo meno hayasafishwi vizuri. Usafi wa kila siku hupunguza tatizo hilo.

Kundi la nne ni wanamichezo waliozaliwa na hali ya Down. Mara nyingi meno yao hayatoboki sana, na wazazi hufurahi. Lakini ugonjwa wa ufizi huwapata mapema na kwa ukali, kwa sababu kinga ya mwili wao ni dhaifu na wengi hupumua kwa mdomo. Jino zima lisilo na tundu huanza kutikisika, na kwa kuwa haliumi hakuna anayeshtuka. Kwa sababu kama hizi, shirika la Special Olympics, lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1968 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, lina mpango wa kuwakagua wanamichezo meno papo hapo mashindanoni. Ulianza mwaka wa 1993.

Kundi la tano ni wasioona. Upofu haupunguzi mate. Lakini asiyeona haoni damu kwenye mswaki wala doa jeusi kwenye jino. Aidha, mkimbiaji na kiongozi wake wote wawili huhema kwa mdomo, na kiongozi huongea njia nzima akieleza kona na wapinzani. Wote wawili wanahitaji maji.

Mwisho kuna waliopoteza mikono au wenye mikono dhaifu. Meno yao huwa mkono wa tatu. Wachezaji wa viti hukaza glavu na kukata utepe kwa meno. Waogeleaji wasio na mikono hung'ata kitambaa au mkanda wakisubiri kuanza mbio za chali, na wako walenga shabaha wanaovuta uzi wa upinde kwa meno. Jino lililolainishwa na asidi likipewa kazi ya koleo, litavunjika.

Kama ulivyoona, msomaji, karibu kila tulichotaja kina namna ya kukabiliwa.

Jipime nyumbani

Hauhitaji mashine kujua kama kinywa chako ni kikavu. Jiulize: Je, unahitaji maji ili kumeza mkate au biskuti? Je, huamka usiku ulimi umegandamana na kaakaa? Je, midomo hupasuka kwenye pembe? Je, chakula kimepoteza ladha?

Ukitaka kupima kwa hesabu, nunua bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano kwenye duka la dawa, na utafute kikombe kidogo safi. Usile, usinywe wala usipige mswaki kwa saa moja. Kisha kaa umetulia, inamisha kichwa, na uache mate yadondoke kikombeni yenyewe kwa dakika tano bila kuyalazimisha. Yavute kwa bomba usome kiwango, bila kuhesabu povu. Mtu wa kawaida hupata takriban mililita moja na nusu. Ukipata chini ya nusu mililita, kinywa chako ni kikavu mno na yafaa umwone daktari wa meno. Rudia siku nyingine kabla ya kuingiwa na hofu, maana mate hubadilika kulingana na saa na hali ya hewa. Kipimo hiki hakiwafai wanaotokwa na udenda. Hao wakaguliwe kliniki.

Hatua za kuchukua

Kunywa maji kidogo kidogo kutwa, wala usingoje kiu. Ukitumia glukosi au kinywaji cha wanamichezo, kinywe mara moja kisha usukutue kwa maji matupu. Kunywa funda moja kila baada ya dakika tano kwa saa mbili ni kuyachovya meno katika asidi saa mbili.

Usipige mswaki mara tu baada ya kinywaji chenye asidi au baada ya kutapika. Gamba la jino likiwa limelainika, mswaki hulikwangua. Ngoja nusu saa au zaidi.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, hasa kabla ya kulala, kwa sababu mate hupungua sana usiku. Tema povu bila kusukutua, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Asiye na nguvu za vidole atoboe mpira wa tenisi na kuingiza mpini wa mswaki ndani yake, au avishe mpini huo mpira wa usukani wa baiskeli. Mswaki wa umeme humfaa aliye na mkono mmoja. Asiyeona aweke dawa ya meno kwenye kidole au moja kwa moja ulimini, badala ya kuhangaika kuilenga kwenye mswaki. Baada ya kusafisha, apitishe ulimi kila upande. Palipo na utando huwa na ukwaruzo, palipo safi huteleza. Ladha ya chumvi au chuma ni ishara ya damu.

Bazoka isiyo na sukari huongeza mate. Hata hivyo, asipewe mtu mwenye shida ya kumeza, kwani yaweza kumkaba. Mtu kama huyo asafishwe akiwa amekaa wima, kwa dawa kidogo ya meno. Usafi wake si wa urembo tu, kwa sababu viini vya kinywani vikiteremka mapafuni huleta nimonia.

Usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kwa sababu tu inakausha kinywa. Kuacha dawa ya kifafa ghafla ni hatari kwa maisha. Mwambie daktari, naye huenda akapunguza dozi, akabadilisha saa ya kuimeza au akatafuta dawa nyingine.

Mwone daktari wa meno kila miezi sita, na miezi mitatu kabla ya mashindano makubwa, ili kama kuna jino la kuzibwa au kung'olewa kidonda kipone mapema. Nenda na orodha ya dawa zako zote. Mwambie pia kwamba wewe ni mwanamichezo anayepimwa. Hili ni muhimu sana. Tangu tarehe 1 Januari 2024, tramadoli, dawa ya maumivu inayojulikana na wengi, imepigwa marufuku wakati wa mashindano. Hata baadhi ya dawa za kupunguza uvimbe, hasa zinapomezwa au kudungwa, zimekatazwa wakati huo. Mtu aweza kupoteza medali kwa sababu ya kidonge alichopewa na rafiki kutuliza jino. Ukiwa na shaka, uliza ADAK, shirika linalosimamia vita dhidi ya dawa haramu michezoni nchini, kabla ya kumeza.

Neno kwa wazazi na makocha

Wazazi wengi hapa kwetu humpeleka mtoto mlemavu kwa daktari wa meno siku moja tu, siku ya kung'oa. Wengine huona aibu kwa sababu mtoto hupiga kelele au hawezi kutulia kitini. Usione aibu. Mpeleke mara ya kwanza akiwa haumwi, azoee chumba, taa na sauti ya mashine bila kufanyiwa lolote. Mara ya pili atahesabiwa meno tu. Uoga hupungua hivyo, na siku ya kazi ikifika utakuwa umepata mwenzako wa kumtibu.

Kwa kocha, ombi letu ni dogo. Pamoja na saa ya kupimia mbio na filimbi, weka mtungi wa maji safi kando ya uwanja. Kagua choo kabla ya siku ya mazoezi na uhakikishe kila mchezaji wako anaweza kuingia. Mara moja kwa mwezi waambie wafungue vinywa. Tundu dogo kama kichwa cha pini huzibwa kwa muda mfupi. Likiachwa, jino lote litang'olewa, na jino la utu uzima likishang'olewa halioti tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwanamichezo ukuta huo waweza kuwa nafasi yake katika timu ya taifa.